Kiwiko cha Kushoto

Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kinapinda. Naanza na hilo kwa sababu ni mimi niliyeliona, na kabla sijaliona lilikuwa halimsumbui mtu. Alikipinda kiwiko hicho zaidi ya miaka hamsini, na mpira ulikwenda alikotaka uende. Kisha nikatokea mimi na simu yangu.

Hapa Ipyana, wilayani Kyela, tulimwita Kedi. Wengi walilitumia jina hilo bila kujua lilikotoka. Kedi ni mtu anayembebea mcheza gofu mfuko wa fimbo, na yeye alikuwa ameifanya kazi hiyo ujana wake wote kwenye klabu moja ya mashamba ya chai, huko juu kwenye baridi, kabla ya kurudi kulima mpunga na kokoa kama sisi wengine. Gofu yenyewe Kyela haipo. Tuna mpira wa miguu, tuna bao, tuna kwaya. Kwa hiyo mtu mzima anayesimama peke yake shambani baada ya mavuno, akipiga machungwa machanga kwa fimbo ya chuma, alitazamwa siku ya kwanza, akachekwa siku ya pili, na siku ya tatu akaachwa kama alivyo. Mimi sikumwacha. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na migomba tu, na kila jioni nilimsikia.

Fimbo yake ilikuwa moja, ile inayoitwa namba saba. Mshiko wake ulikwisha kuoza, akaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Siku moja alisema alipewa na meneja siku ya kuagana. Siku nyingine alisema aliiokota mtoni, na ukimkumbusha ile hadithi ya kwanza alikuuliza kama wewe ni polisi. Hakumwazima mtu fimbo hiyo, hata mchungaji. Mipira halisi alikuwa nayo minne, na aliihifadhi jikoni ndani ya chungu, jambo ambalo mkewe hakulisamehe.

“Nimenunua chungu sokoni Lyulilo nipikie mboga,” mama huyo alikuwa akituambia, “mwenzenu anataga humo.”

Sasa lile pigo. Alilifikia chungwa kama mtu aliyekuwa akipita tu njia. Anasimama, na kabla hujajua kama ameanza, amemaliza. Fimbo ilipanda juu ya bega la kulia, kiwiko cha kushoto kikapinda, kisigino kikanyanyuka, kisha vyote vikarudi pamoja kwa mara moja. Ulisikia fyuu ya fimbo, ukasikia chungwa likiguswa kidogo, halafu ukaanza kulitafuta angani upande wa milima ya Matema. Nimeona wachezaji wengi kwenye simu tangu wakati huo, wenye viatu vya kazi hiyo na glovu mkono mmoja. Sijaona aliyepiga kwa raha ile.

Hakufundishwa na mtu. Kabla ya kukabidhiwa mifuko alikuwa mfyeka majani wa klabu hiyo hiyo, na mafyekeo ya huko yalikuwa na mipini mirefu ya mti, ya kushikwa kwa mikono miwili. Sisi hapa tunafyeka kwa mkono mmoja, mwingine tumeuweka mgongoni kama tunakagua gwaride. Yeye alijitengenezea fyekeo la mpini mrefu kama lile la ujana wake, na kila tulipokutana kusafisha uwanja penye msiba, waliokuwa karibu naye walisogea mbali. Alitudharau waziwazi.

“Mnayachana majani kama nywele,” alisema. “Hamkati.”

Nilimwendea nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa msichana anayesubiri matokeo na hana la kufanya. Nilimkuta kibarazani anageuza kokoa kwenye mkeka.

“Mugonile, Tata,” nikamwamkia. Tata ndivyo tunavyowaita baba zetu na walio rika la baba zetu.

“Ndaga, mwanangu. Umekuja na shida?”

“Nataka unifundishe ule mchezo.”

Akaniangalia mikono, si uso. Akaingia ndani, akatoka na fyekeo lake. “Anzia kule chooni, uje mpaka hapa.”

Nilifyeka wiki tatu. Nilipofika kibarazani, majani ya chooni yalikuwa yameota tena, maana Kyela mvua haikuulizi kama umechoka. Mkewe alisema hajaona ua safi namna ile tangu aolewe. Yeye alikaa na kokoa yake, amenipa mgongo, na kila baada ya muda aliuliza swali moja.

“Unasikia?”

“Nini, Tata?”

“Basi husikii. Endelea.”

Wiki ya tatu nilisikia. Majani yanayokatwa hutoa sauti moja, fupi, safi. Majani yanayopindwa yanakoroma. Niligundua kwamba alikuwa ananifuata kwa sikio muda wote ule, na kwamba alijua kila pigo langu bila kugeuka. Siku hiyo akaniletea fimbo, akaweka chungwa chini, akarudi kukaa. La kwanza nililikosa. La pili nililipasua. La tano liliruka mfereji, na mwili wangu mzima ukaona raha ambayo sijui niiandikeje. Sikuwa nimefikiria chochote.

Lakini kufundishwa naye kulikuwa mateso pia, nisije nikampamba. Nilipopata hakusema kitu, nilipokosa hakusema kitu. Siku moja nilikosa mara kumi mfululizo, nikamuuliza nimekosea wapi.

“Hujakosea,” akasema. “Umepiga vibaya tu. Piga tena.”

Nililia kwa hasira. Nilitaka kosa lenye jina, nilibebe, nikalirekebishe. Yeye akawa ananining'inizia kimya chake kama nguo mbichi. Watu wa hapa hupenda kusema kimya kile kilikuwa busara. Mimi sina hakika. Aliwahi kuniambia kwamba kule klabu kedi akimwambia mchezaji neno, kesho yake hana mfuko. Alibeba mifuko miaka mingi akiona makosa ya kila mtu na kumeza mate. Huenda ilikuwa busara, huenda ilikuwa woga wa kazini uliobaki mwilini. Ninajuta kwamba sikumuuliza wakati ambapo bado angenijibu bila kutafuta jibu la kunifurahisha.

Nje ya mchezo ule hakuwa mtu wa kwenda kwa kuhisi hata kidogo. Kokoa yake aliipanda kwa kamba yenye mafundo, na jirani aliyetaka kupanda kwa hatua za miguu alifukuzwa arudi na kamba. Kanisani aliimba sauti ya tatu, na alisoma do-re-mi za kitabu cha kwaya kama wengine wanavyosoma barua ya nyumbani. Mtu akiimba kwa kukariri, alimsimamisha mbele ya wote. “Kitabu kinasema la, wewe umeimba so.” Mtu huyo alikuwa ameimba wimbo huo tangu utotoni na watu wote walikuwa wameuzoea hivyo. Haidhuru. Alikuwa na msemo wake, tulikuwa tukimtania nao hata yeye akiwepo: karatasi ikisema, imesema.

Ningetakiwa kuukumbuka msemo huo mapema.

Jambo jingine, alikuwa mwongo. Mashineni Ipinda, tukisubiri zamu ya kukoboa mpunga, alikuwa akisimulia jinsi alivyomshinda meneja mashimo yote kumi na nane, na kila msimu meneja alishindwa vibaya zaidi. Ni mkewe aliyeniambia ukweli, tukipeta mchele.

“Hajacheza hata siku moja,” alisema. “Walikuwa hawaruhusiwi. Alikuwa anapiga nyuma ya banda la mashine, wenyewe wakishaondoka. Yale majani aliyoyafyeka miaka yote, hajawahi kusimama juu yake kama mchezaji.” Akapuliza makapi. “Usimwambie kama nimekuambia. Ndicho kitu pekee anachokiota.”

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikachukua michezo. Huko nilifundishwa kwamba kila tendo la mwili lina hatua. Kuruka juu kuna kukimbia, kukanyaga, kuvuka na kutua, na kila hatua ina makosa yake na kila kosa lina dawa. Nilipenda mno. Msichana aliyelilia kosa lenye jina alikuwa sasa na daftari zima la makosa yenye majina. Nilirudi kufundisha shule ya msingi ya hapa hapa, na wanafunzi wangu wanaruka vizuri, silaumu elimu. Ninasema tu nilirudi nikiwa na macho ya namna hiyo.

Mwaka juzi ujumbe ukaja kwenye simu yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na simu. Klabu ile ya huko juu ilikuwa inawatafuta makedi wake wa zamani. Kulikuwa na sherehe, na siku hiyo wazee wangecheza wao, na wanachama wa klabu wangewabebea mifuko. Nilimsomea kibarazani mara tatu.

“Wabebe wao?” aliuliza.

“Ndiyo, Tata. Wao wabebe, ninyi mpige.”

Alisimama akaenda mpaka kwenye migomba, akatupa mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Mkewe alinifanyia ishara nisimfuate.

Mimi ndiye niliyesema tujiandae. Nilimpiga picha ya video akipiga machungwa kwenye mabua ya mpunga, nikaipunguza mwendo ili kila kitu kionekane, nikamwonyesha. Hakuwa amewahi kujiona. Aliishika simu kwa mikono miwili.

“Huyu ni mimi?”

“Ni wewe, Tata.”

“Mbona nimejikunja hivi?”

Hapo ndipo ningeweza kucheka, nikaizima simu, na leo nisingekuwa na la kuandika. Badala yake nilisema kwamba kweli kile kiwiko kinapinda, na kwamba tunaweza kumuuliza mtaalamu. Niliituma video kwa mkufunzi mmoja wa gofu jijini, niliyempata humo humo mtandaoni. Mkewe alinikuta nikisubiri jibu.

“Kwani anakosa?” akaniuliza.

“Hakosi, Mama.”

“Sasa unatibu nini?”

Nilikuwa na jibu la chuoni, refu. Alilisikiliza lote kwa heshima, kisha akarudi jikoni.

Mkufunzi alijibu kwa sauti, kwa upole, na kwa kadiri ya kitabu alisema kweli tupu. Mkono wa kushoto unyooke. Kisigino kisinyanyuke. Kichwa kisisogee. Vidole vishikane, maana huyu mzee ameshika fimbo kama fyekeo. Nikayaandika yote kwenye karatasi ya manila, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi kubwa ili asihangaike na miwani. Akaipigilia misumari kwenye mlango wa stoo ya kokoa. Kila alipotaka kupiga alikwenda kuisoma kwanza, kisha akarudi shambani upesi kabla haijamtoka.

Siku za mwanzo machungwa yalipokataa kuruka nilimwambia ni kawaida, mwili unajifunza upya. Nilisema hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu, nikiwa nyumbani nasahihisha madaftari, niliona kwamba nimesikia fimbo ikigonga udongo jioni nzima na ile fyuu sijaisikia hata mara moja. Nilipita kwenye migomba. Alikuwa amesimama juu ya chungwa, na midomo yake inacheza. Mtu aliyenifundisha miaka yote kwa maneno yasiyojaza kiganja alikuwa anaongea. Kiwiko, kisigino, kichwa. Kiwiko, kisigino, kichwa.

“Tata,” nikamwambia, “achana na karatasi. Piga kama zamani.”

Alifikiri. Hakuwa na hasira, alikuwa anajaribu kwa dhati kunitii.

“Zamani nilikuwa napigaje?”

Nilichokuwa nacho mdomoni ni maneno ya karatasi tu.

“Nionyeshe kwenye simu,” akasema.

Nikamwonyesha ile video. Akaitazama mara nyingi, akanipa fimbo niishike, akajaribu mikono mitupu, akaichukua tena. Alikuwa anajiigiza mwenyewe: anapinda kiwiko kidogo, anaangalia simu, anapinda zaidi. Nilitazama jambo hilo mpaka jua likapotea, na sijawahi kuona kitu kilichonitia aibu kama hicho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa humo nguoni, tena nilikaribishwa kwa chai.

Kule klabu tulikwenda wote wawili. Mkewe alimpigia pasi suruali ya kanisani. Asubuhi ilikuwa na ukungu, majani yamekatwa chini kuliko zulia, na yeye alipofika alivua viatu akayakanyaga kwa unyayo, taratibu, akanitazama. Nilidhani labda majani yale yatamrudishia. Walimpa kijana mmoja mwanachama, mpole, mfuko begani, akamwita mzee na kumkaribisha apige wa kwanza kwa kuwa alikuwa mkongwe kuliko wote.

Akasimama juu ya mpira. Tulingoja. Niliona midomo inaanza. Alipiga, fimbo ikachimba udongo nyuma ya mpira, na mpira ukasogea kama uliopigwa teke na kuku. Watu wakapiga makofi, kwa wema. Akapiga tena, akapita juu yake. Mara ya tatu mpira ulitoka pembeni ukaingia kwenye michai. Wakapiga makofi tena, na makofi hayo ya pili ndiyo yaliyommaliza.

Alimrudishia kijana fimbo, akaufuta mkono wake kwenye suruali, kisha akaunyakua ule mfuko kutoka begani kwake, kwa adabu kabisa.

“Lete, bwana,” akasema. “Hii naiweza.”

Na aliweza. Alizunguka mashimo yote na mfuko begani, hatua tatu nyuma ya kijana, akimpa fimbo sahihi kabla hajaulizwa, bila neno. Kijana alikuja kuniambia baadaye kwamba hajawahi kucheza vizuri namna ile, na macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikaa kwenye benchi chini ya mti wa mwisho nikilia kama mtoto.

Njiani kurudi nilitaka kumwomba radhi. Nilianza kabla hatujafika Tukuyu.

“Tata, lile kosa ni langu.”

“Kosa gani?” Alikuwa anatazama migomba inavyoanza kuwa mingi dirishani. “Ndaga fijo, mwalimu. Miaka yote nilikuwa napiga vibaya na hakuna aliyeniambia. Kama si wewe ningekufa sijui.”

Alikuwa ananishukuru kwa moyo wake wote. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Lile neno “mwalimu” pia lilinichoma, maana mpaka mwaka ule aliniita mwanangu.

Mkewe alifariki masika yaliyopita. Tulimzika nyuma ya nyumba, pembezoni mwa kokoa, na kwenye msiba ule nilimwona Kedi akiwa amekaa na wanaume wenzake, mikono magotini, hajui aiweke wapi. Baada ya arobaini fimbo namba saba ilitoweka kibarazani. Chungu cha Lyulilo kilitolewa mipira, kikarudi kuwa cha mboga, ingawa mpishi hakuwepo tena. Ile karatasi ilibaki mlangoni, wino umefifia, misumari imeota kutu.

Mwezi uliopita nilimpelekea mchele mpya. Hakuwepo kibarazani. Niliweka mfuko chini, na ndipo nikasikia kutoka nyuma ya nyumba: fyuu. Kisha tena, fyuu. Fupi, safi. Nilipita chini ya miti ya kokoa polepole, nikikanyaga juu ya mizizi ili nisivunje majani makavu, na nikamwona.

Alikuwa anafyeka kaburi la mkewe. Fyekeo la mpini mrefu, mikono miwili. Kisigino kilinyanyuka, kiwiko cha kushoto kilipinda vile vile, fyekeo likapanda na kushuka kama hakuna aliyelishika, na majani yakaanguka mstari mmoja sawasawa. Halikwenda popote lile pigo. Lilikuwa limejificha kwenye fyekeo, mahali ambapo sikuwa nimepapiga picha. Nilijiambia niondoke. Nilijiambia wazi kabisa: geuka, nenda nyumbani, usimwambie mtu. Lakini nilikuwa nimelikosa kwa muda mrefu, nikataka moja zaidi. Nikasogea, na jani la kokoa likavunjika chini ya mguu wangu.

Sikio lake lilikuwa zima bado. Akageuka.

“Karibu, mwalimu.”

“Mugonile, Tata. Pole na kazi. Endelea tu, mimi napita.”

“Hupiti,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu. “Simama hapo uone. Siku hizi nafanya mazoezi hata nikiwa na kazi nyingine. Wewe tazama kiwiko.”

Alirekebisha vidole kwenye mpini, vikashikana. Akakaza shingo. Midomo ikacheza kidogo. Akaunyoosha mkono wa kushoto mpaka ukatetemeka, akapiga, na majani yakakoroma. Akapiga mara ya pili, kisha akasimama na fyekeo mkononi, ananitazama kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeleta daftari mezani.

“Vipi?”

“Kimenyooka, Tata,” nikasema.

Kilikuwa kimenyooka kweli. Akashukuru, akanipa mgongo, akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa kaburi, na majani yote aliyopita yalikuwa yamelala bila kukatika.